Ziada

Lango la mapango ya Amboni lina kibao cha safu tatu:
raia, jirani, mgeni.
Kwenye "jirani" rangi imebanduka, imebaki "rani",
na maombi ya rangi sijayaandika.

Mimi ni Singano, mwenye kitabu cha risiti,
mwenye kalamu iliyofungwa uzi isitembee.
Bei naikata kwa karatasi, si kwa uso,
ingawa masikio nayo yana kazi:
mtu akinisalimu kwa ulimi mzito
mkono huu hukimbilia wenyewe safu ya tatu.

Juzi Mholanzi mmoja, kofia kwapani,
aliniuliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kulipa,
"Mimi nimetoa mara kumi ya huyu kijana.
Nitaonyeshwa popo mara kumi?"
Nikamwambia popo ni wale wale,
giza ni lile lile,
tope la mlangoni halichagui kiatu.
"Basi nalipia nini?"
Wa hapa amelipa kwa kukaa, nikasema,
wewe lipa kwa kuja.
Akacheka sana. Mimi sikuwa natania.

Jana lakini,
wakaja bibi wawili, doti moja ya kanga wamegawana,
huyu kipande, huyu kipande,
wamebeba ubani na maji ya waridi kwenye chupa ya soda.
Hawakuja kutalii. Walikuja kuondoa nadhiri ya mama yao,
aliyeiweka kabla hakijakuwepo kibanda hiki.

"Vitambulisho," nikasema.
Mwanamkasi akatoa cha Jasini.
Mwanasha akafungua fundo la kanga, akatoa cha Vanga,
ng'ambo ya mpaka, huko ambako
mwadhini wa Jasini akichelewa
watu husema leo kalala.

Nikakata mbili. Ya pili mara tatu ya kwanza.

"Mwanangu," akasema Mwanasha,
"hii ni bei ya nilikozaliwa ama ya nilikoolewa?"
"Ya karatasi, mama."
"Karatasi ilinikuta nina wajukuu."

Hakusema zaidi, akaanza kuhesabu sarafu.
Dada mtu ndiye aliyenitazama
kama anayechagua mchele,
akaisukuma risiti yake chini ya kioo.
"Futa. Na mimi niandike jirani.
Ziwa tulinyonya moja,
hatukunyonya kwa bei mbili."

Haiwezekani, nikasema.
"Wapi pameandikwa?"
Nikapekua waraka, ukurasa kwa ukurasa, jasho linanitoka.
Waraka unamkataza mgeni kulipa ya raia.
Kwamba raia atakuja kuiomba ya mgeni,
aliyeuandika hakuliota.

Nikaandika.

Wakaingia wameshikana vidole,
maana pale mwanzo mwamba unamwinamisha kila mtu.
Ndani, Shekiondo akazima tochi, kama azimavyo kwa wote
ili wakisikie kimya.
Aliniambia baadaye: mmoja aliomba, mmoja akaitikia,
halafu wakapokezana,
na yeye, miaka kumi na moja anaongoza watu gizani,
hakujua yupi ni wa safu ipi.

Jioni mhasibu akapiga simu.
Daftari linasema hivi, kasha linasema vile.
"Singano, una ziada."

Ungekuwa upungufu ningejua pa kuupeleka.
Upungufu una fomu yake, ya njano,
una karipio lake, una makato yake mwisho wa mwezi,
sote tumeuzoea.
Ziada haina fomu.

"Eleza imetoka wapi," akasema, "kwa neno moja, nafasi ni ndogo."

Nikavuta kalamu, uzi ukakaza.
Nikaandika: dada.
Nikafuta.
Mistari ya karatasi ikachubuka pale nilipofuta,
na hadi sasa sijaijaza.